Mgeni Mmoja kwa Kila Kadi

Niliyataka mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha nimwalike mama mkwe wangu kwenye chumba cha wasafiri wa Nyota ya Dhahabu, pale uwanja wa ndege wa Baraka. Nilimwalika ili nijionyeshe, na leo nasema hivyo bila kuzungukazunguka.

Naitwa Anatole. Kazi yangu ni kutengeneza friji za chanjo kwenye vituo vya afya, kuanzia Fizi mpaka kule Lubumbashi, kwa hiyo nashinda angani zaidi kuliko nyumbani. Kampuni ndogo ya ndege inayotua kwetu ilipoleta programu ya simu kwa wasafiri wa mara kwa mara, nadhani mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza Baraka kuipakua. Kila safari inakupa nyota moja. Ukifikisha arobaini, jina lako kwenye kadi iliyomo ndani ya simu linageuka rangi ya dhahabu, na mlango wa chumba cha wakubwa unafunguka ukiuonyesha simu tu. Ilinichukua miaka mitatu. Ile dhahabu niliwaonyesha majirani, nikamwonyesha mchungaji, nikamwonyesha hata kinyozi, naye akaniuliza kama inapunguza bei ya kunyoa.

Chumba chenyewe ni makontena mawili yaliyounganishwa na kupakwa rangi nyeupe. Ndani kuna masofa, televisheni, kiyoyozi kinachoendeshwa na jenereta, na meza ya chakula: mayai ya kuchemsha, sambusa, mikate, ndizi, chai, juisi. Kilipofunguliwa, akina mama waliokuwa wakiuza chai na maandazi kando ya uwanja walifukuzwa, eti wanaharibu sura ya mahali. Nilikasirika siku mbili nzima. Kisha nyota zangu zikafika arobaini, nikasahau kukasirika.

Mke wangu Constance alikuwa Lubumbashi pamoja na mwanetu Élie, akisubiri kujifungua mtoto wa pili. Uzazi wa kwanza ulimtesa sana. Mara hii aliapa kwamba hatapanda kitanda cha kujifungulia kama mama yake hayuko mlangoni. Kwa hiyo kazi yangu wiki ile ilikuwa moja: kumtoa mama mkwe wangu kijijini Lweba na kumfikisha Lubumbashi akiwa mzima.

Nasema akiwa mzima kwa sababu Mama ana ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi anajichoma sindano, kisha lazima ale, na asichelewe. Mpango wake ulikuwa mzuri kabisa: ashuke na pikipiki kutoka Lweba, apite kwa mdogo wake hapa Baraka, achome sindano, ale, ndipo aje uwanjani. Mimi ndiye niliyeuvuruga. Nilimpigia simu jioni ya kuamkia safari.

"Mama, usijisumbue kupita kwa mama mudogo," nikamwambia. "Kuja moja kwa moja ku uwanja. Iko chakula mingi kule, ya bure. We ni mugeni wangu."

Akauliza, "Na mi nitakulia wapi, Baba Élie?"

"Mu salon, Mama. Salon ya bakubwa."

Swali lake lilikuwa la mtu mwenye akili, na mimi sikulisikia. Kwetu, mama mkwe hali mbele ya mkwe wake, wala mkwe hali mbele ya mama mkwe. Si ugomvi. Yule ndiye aliyemzaa mke wako, na humtazami akifungua kinywa na kutafuna kama unavyomtazama rafiki yako wa baa. Nyumbani jambo hili halina taabu hata kidogo, kwani kuna ua, kuna jiko, kuna chumba cha pili. Miaka tisa ya ndoa sijawahi kumwona Mama akimeza hata maji. Sasa mimi, nimelewa dhahabu yangu, nilimwalika kula ndani ya kontena.

Alifika saa mbili asubuhi, kitenge kipya, Biblia kwapani, simu ndogo ya vitufe ikining'inia shingoni kwa kamba. Ni shemasi wa kanisa na hutembea kama shemasi. Tulisalimiana kwa mbali kama inavyotakiwa, kila mtu akiangalia pembeni. Aliomba nafasi ya faragha, akaenda nyuma ya kibanda cha mizigo, akachoma sindano yake. Alipotoka mvua ilikuwa imeanza. Nikaonyesha simu mlangoni, mlango ukalia, nikamkaribisha ndani kwa mkono kama mwenye nyumba.

Mama alisimama kizingitini. Akaangalia masofa, akaangalia meza ya chakula, akaangalia kuta zote nne. Kisha akaenda kuketi kwenye kiti cha pembeni kabisa, akanipa mgongo.

Hapo ndipo nilipoelewa swali lake la jana.

Chérie, msichana anayehudumia chumba kile, alimpelekea sahani ya kujipakulia, na tabasamu. "Mama, kula, iko ya bure."

"Aksanti, mutoto wangu. Nimeshiba," akasema Mama, mtu ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake.

Nikamvuta Chérie kando, nikamweleza. Nikamwambia nitatoka nje ili Mama ale kwa amani. Akatikisa kichwa. Akanionyesha sheria kwenye tableti yake: mgeni mmoja kwa kila kadi, na mgeni anakaa ndani muda wote mwenye kadi akiwa ndani. Mwenye kadi akitoka, mgeni naye anatoka, na siku hiyo hawarudi.

"Basi atoke na sahani yake," nikasema.

"Chakula haitoke, Papa Anatole. Kamera ile inaona. Mwenzangu wa kwanza alifukuzwa juu ya sambusa moja."

Nikataka kumfokea, lakini sheria hakuitunga yeye. Nje mvua ilikuwa ikimwagika, na wale mama wa maandazi ambao wangeniokoa siku ile hawakuwepo, wamefukuzwa. Simu yangu ikatetemeka: ndege imechelewa dakika arobaini na tano, Kalemie, kituo cha njiani, kuna mawingu.

Kwenye sofa kubwa alikuwa amekaa Bonaventure, mnunuzi wa dhahabu ya kweli kutoka machimbo ya Misisi, ambaye tumezoeana kwa safari. Nikamwomba amchukue Mama kuwa mgeni wake. Akaniashiria kwa kidevu rafiki yake aliyelala kando yake akikoroma. Nafasi yake ya mgeni ilikuwa imelala pale.

"We funga macho tu, Anatole," akaninong'oneza huku akicheka. "Mama atakula, we utahesabu mpaka elfu."

"Mama yako mukwe alikulaka mbele yako siku gani?" nikamuuliza.

Akaacha kucheka. "Hapana, ile ni kweli," akasema, akakuna shingo.

Nikapata wazo ambalo nililiona la busara: nikaingia chooni, nikafunga mlango. Nikakaa humo dakika kumi nikiamini Mama anakula. Kumbe mlango wa choo unatazamana na meza ya chakula. Fikiria: mama wa heshima akasimame kuchukua yai huku mkwe wake yuko chooni, hatua mbili kutoka pale! Badala ya kumwondolea aibu nilimwongezea nyingine. Bonaventure alipogonga kwa kuwa naye alikuwa na shida zake, nilitoka nikakuta sahani ya Mama iko vilevile, haijaguswa.

Ndege ikachelewa tena. Sasa niliona kwa pembe ya jicho kwamba Mama anajipangusa paji la uso kwa leso, na kiyoyozi kilikuwa kinatufanya sisi wote tujikunyate. Mkono uliobeba leso ulikuwa ukitetemeka. Nikaogopa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ndani ya ndege yoyote.

"Mama," nikasema nikiangalia ukuta, "nakuomba, kunywa hata jus."

"Nitakunywa kule Kalemie, Baba Élie."

"Mama, sukari itashuka."

"Mungu iko." Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini maneno yalitoka polepole, moja moja, na hilo sikulipenda.

Nikampigia Constance. Mtandao ulikubali mara ya nne. Nikamweleza yote.

"Anatole, uliingiza mama yangu mu chumba kimoja na we, na chakula katikati? Juu ya nini?"

"Juu ya ujinga," nikasema.

"Mama hatakula. Mi namujua. Ataanguka hapo, na hatakula. Fanya kitu." Kisha akaanza kulia, na mimi nikakata simu.

Nikarudi kwa Chérie. Nikamuuliza, kweli programu nzima hii, pamoja na rangi zake zote, haina njia hata moja? Akafikiri. Akachukua simu yangu, akapekua mahali ambapo sijawahi kufika, chini kabisa. Kulikuwa na kitufe cha kumwachia ndugu nyota zako.

"Ukibonyeza hii, yeye anakuwa mwenye kadi," akasema. "We unatoka, yeye anabaki. Lakini zinaenda zote, na hazirudiake."

Nitasema ukweli: nilisita. Mwanamke aliyemzaa mke wangu anatetemeka kitini, na mimi nimesimama naangalia jina langu lenye dhahabu, nafikiri miaka mitatu, nafikiri nitamwambia nini kinyozi. Haikuzidi pumzi tano. Lakini nilisita, na ninaona aibu kwa kila pumzi.

"Mama, naomba simu yako na carte yako ya kitambulisho," nikasema.

Alinipa kwa mikono miwili bila kuuliza, uso ukiwa pembeni. Kitambulisho nikampa Chérie ili yeye ndiye aandike jina, kwa sababu jina la mama mkwe wangu sijawahi kulitamka na sitalitaja hapa. Namba za siri zikafika kwenye ile simu ndogo ya vitufe, Chérie akazisoma, nikabonyeza. Jina langu likageuka kijivu. Juu yake pakaandikwa kwamba mimi ni msafiri wa kawaida.

Nikatoka nje.

Wasafiri wa kawaida hungojea chini ya paa la bati la kupimia mizigo, wamebanana kwenye mabenchi. Nikapata nafasi ya kusimama pembeni, nusu mvuani, mgongo kwa dirisha la kontena. Sikugeuka. Suruali ililowa, viatu vikajaa maji, mpaka Chérie alipokuja na mwavuli.

"Anakula," akasema.

"Anakula nini?"

"Mayai. Hii ni ya tatu. Na chai ya sukari, kikombe mbili. Mikono imetulia."

Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, na mzee mmoja kwenye benchi akasogea mbali nami kidogo.

"Nilimwambia ulifanya nini," Chérie akaongeza. "Sasa anauliza kama we ulikula asubui."

"Mwambie nilikula."

Sikuwa nimekula. Mtu gani anakula nyumbani siku ambayo sambusa za bure zinamngoja?

Ndege ilitua karibu saa sita. Wa Nyota ya Dhahabu hupanda kwanza. Mama alipita mbele yangu chini ya mwavuli wa kampuni, mwendo wake wa shemasi umerudi, kitenge kimefungwa vizuri, mkono mmoja ndani yake. Hakunitupia jicho hata kidogo. Najua heshima ni heshima, lakini nilikuwa nimelowa, nina njaa, na nilitamani walau kichwa kitikiswe upande wangu.

Zamu yetu ilipofika, Chérie alinipa kikaratasi cha kupandia. Nilikuwa nimezoea kiti cha pili, karibu na rubani. Hiki kilikuwa cha mwisho kabisa, kule mizigo inakofungwa.

"Mama ndiye alichagua," akasema Chérie. "Wa zahabu anachagua kiti yake na ya mutu wa famille."

"Na yeye anaikala wapi?"

"Mbele. Ya kwanza."

Hapo niliumia. Nilijiambia, basi, amechukia. Mpumbavu aliyetaka kumuua kwa kujionyesha amewekwa mbali kadiri ndege inavyoruhusu, na ana haki. Nikapanda, nikapita nyuma ya kiti chake bila kupumua, nikainama kati ya viti mpaka mwisho.

Kwenye kiti changu palikuwa na leso iliyofungwa fundo. Nikaifungua. Mayai mawili yaliyokwisha kumenywa, sambusa tatu, na chumvi kidogo ndani ya kipande cha karatasi kilichokunjwa vizuri. Chakula kilichokatazwa kutoka kwenye chumba kile, mbele ya kamera ile, shemasi wa Lweba alikitoa chini ya kitenge chake. Akakileta mwenyewe mpaka nyuma ya ndege, kisha akarudi kuketi mbele, ili kati yangu na yeye pawe na migongo ya watu wote na mimi niweze kula.

Nililia, sitaficha. Jirani yangu aliniuliza kama naogopa kuruka, nikamwambia ndiyo. Ndege ikainuka juu ya ziwa, nikachovya yai kwenye chumvi, nikala, nikamaliza kila kitu. Kutoka Baraka mpaka Kalemie, Mama hakugeuka nyuma hata mara moja.