Nani Anamwangalia Nani

Mzee wa chumba cha mwisho, ghorofa ya kwanza, alipofariki, majirani walijua kwa harufu. Hilo ndilo lililowauma watu wa jengo lile. Kifo chenyewe kilieleweka, maana mzee alikuwa ameshakula chumvi nyingi. Lakini ukuta wake ulipakana na wa watu wanaopiga gumzo kila jioni, na hakuna aliyejiuliza mbona taa yake inawaka mchana kutwa. Waliomzika walirudi vichwa chini, kila mmoja akijitetea moyoni: mimi nilikuwa kazini, mimi nilidhani amesafiri kwa mwanawe.

Msusi hakuwa na cha kujitetea. Saluni yake ilikuwa pale chini, mkabala na ngazi, na mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi. Kila aliyeingia na kutoka alipita mbele ya macho yake. Alijua nani kanuniana na mkewe na nani kanunua viatu vipya, lakini mzee alipoacha kupita, yeye hakushtuka.

"Tunamwona anayepita," alimwambia mteja aliyekuwa akimsuka. "Asiyepita hatumwoni."

Waliobaki wakiishi peke yao katika umri ule walikuwa wawili. Wa kwanza ni Dereva, ghorofa ya pili, aliyeendesha mabasi ya safari ndefu hadi macho yalipomsaliti. Mkewe alikuwa ametangulia, na watoto walikuwa mbali, wa kuzungumza nao kwenye simu tu. Wa pili ni Mkunga, ghorofa ya tatu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, aliyestaafu baada ya kuzalisha nusu ya mtaa. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto.

Msusi alianza na Dereva.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amekufa tena?"

"Hakuna. Nilitaka tu ruhusa, niwe napita asubuhi kukujulia hali."

"Hali yangu naijua mwenyewe," alisema Dereva. "Nimeendesha basi umri wangu wote bila mtu kunishikia usukani. Usinianzie leo, binti."

Akafunga mlango, taratibu, kwa adabu zote.

Mkunga yeye alimkaribisha ndani, akampa kiti na chai, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nikiwagongea watu milango. Sijafikia kugongewa. Na hata ukinikuta nimezidiwa, utanifanyia nini? Utanisuka?"

Msusi alishuka ngazi akicheka, ingawa moyoni hakuwa na raha. Usiku aliliwaza jambo lile akaona kosa lake. Alikuwa amewapelekea pole watu waliozoea kupewa kazi.

Kesho yake akarudi kwa Dereva na sura ya mtu mwenye shida.

"Mzee, nisaidie. Yule bibi hapo juu yako yuko peke yake na msaada wangu hautaki. Mimi siwezi kuacha saluni kila saa. Mtu mzima wa karibu ni wewe. Ungekuwa unapanda mara moja kwa siku, ukamwona yu mzima, mimi ningelala usingizi."

Dereva alinyoosha mgongo. "Ana nini hasa?"

"Upweke tu. Ila asijue kwamba nimekutuma."

"Kazi ya siri naiweza."

Msusi akapanda ghorofa moja zaidi, akamwambia Mkunga maneno yale yale kuhusu Dereva. Mkunga hakushangaa hata kidogo. "Wanaume wakibaki peke yao huchacha kama uji," alisema. "Niachie mimi."

Kazi ikaanza, na walioifanya waliifanya kwa bidii ya ajabu. Dereva alipanda kuuliza kama maji yanatoka kwenye bomba la juu. Mkunga alishuka na bakuli la supu, akidai kwamba amepika ikamzidi. Siku nyingine walikutana katikati ya ngazi, wakasimama pale wakizungumza, kila mmoja akijipongeza kimoyomoyo kwamba amemfumania mgonjwa wake akifanya mazoezi. Baadaye kila mmoja, kwa wakati wake, alipita saluni kutoa taarifa.

"Leo amekunywa chai vikombe viwili," alinong'ona Dereva. "Nilikaa hadi akamaliza."

"Nimemnywesha chai," alisema Mkunga jioni ile ile. "Na mimi nikanywa, ili asione haya."

Msusi aliwashukuru wote wawili. Wateja wake walipogundua mchezo walicheka hadi vichwa vikamponyoka mikononi. Yeye alicheka nao, lakini uwongo ule ulikuwa umemkaa kama mwiba wa samaki kooni. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye hakujua yake itaishia wapi.

Iliishia mguuni mwa Dereva. Mchana mmoja wa joto Mkunga aliingia saluni bila hata kusalimu.

"Mzee wako anaficha mguu. Anavaa soksi nzito jua lote hili, na akipanda ngazi anatanguliza kisigino. Funga duka, twende."

Msusi alimwacha mteja na nusu ya kichwa. Walimkuta Dereva amekaa kitandani.

"Vua soksi," alisema Mkunga.

"Kuna nini kwenye soksi?"

"Ndicho ninachotaka kukiona. Mficha uchi hazai, bwana."

"Mimi sitazamii kuzaa."

"Vua."

Alivua, polepole, akiangalia pembeni. Kidole kidogo cha mguu kilikuwa cheusi, na chini yake kulikuwa na kidonda ambacho Msusi alikitazama mara moja tu, akageuza uso. Dereva alisema ni kiatu kilimbana. Mkunga aliinama akanusa, akabonyeza juu ya kifundo kwa vidole vyake vikavu, akauliza kama anasikia. Dereva akatikisa kichwa.

"Una kisukari," alisema Mkunga. "Unakijua?"

"Niliambiwa zamani kidogo."

"Binti, tafuta teksi."

Hospitalini walimpokea haraka, jambo ambalo halikuwa dalili njema. Muuguzi alianza kuuliza maswali ya kawaida: umri, dawa, tangu lini. Kisha akauliza, "Mzee anaishi na nani? Kuna mtu anayemwangalia?"

"Naishi peke yangu," alisema Dereva kutoka kitandani. "Ila msinilaze muda mrefu. Huyu mama hapa ananitegemea. Mimi ndiye ninayemwangalia."

Mkunga akamgeukia. "Wewe unaniangalia mimi?"

"Sikutaka ujue. Nimekabidhiwa."

"Umekabidhiwa na nani? Mimi ndiye niliyekabidhiwa wewe."

Wakatazamana. Muuguzi alibaki na kalamu hewani. Kisha vichwa viwili vyenye mvi vikageuka kwa pamoja kuelekea mlangoni, alipokuwa amesimama Msusi na mkoba wa mzee begani, akitamani sakafu ipasuke.

Hakuna aliyempigia kelele, na hilo lilimuumiza zaidi. Dereva alifumba macho. Mkunga alimshika Msusi mkono, akamtoa hadi ukumbini, akasema kwa sauti ya chini, "Umetuchezea kama watoto."

"Nisamehe, bibi. Ningesema kweli, mngekubali?"

"Tusingekubali. Lakini kukataa kulikuwa kwetu, si kwako."

Msusi alimkabidhi mkoba wa mzee. Alirudi saluni peke yake, akamkuta mteja wake bado amekaa na nusu ya kichwa, akamaliza kusuka.

Madaktari walikata kidole kile na kingine kilichokuwa kando yake. Mguu wakauokoa. Walisema mzee angechelewa kidogo wangekata gotini. Dereva aliporudi, vijana wa jengo walimbeba kwenye kiti hadi ghorofa ya pili. Alipitishwa mbele ya saluni akiangalia ukuta. Msusi alisema shikamoo, ikaanguka chini bila wa kuiokota.

Aliamini ameharibu kila kitu, kwamba sasa kila mmoja atajifungia kwake kama zamani na safari hii hata kwa hila hawatatoka. Lakini asubuhi iliyofuata alimsikia Mkunga akishuka ngazi na sufuria ya maji moto na bendeji, kisha sauti ya Dereva ikilalamika kwamba anaunguzwa, na ya Mkunga ikimwambia anyamaze. Ikawa hivyo kila siku. Hakuna aliyekuja kutoa taarifa. Msusi alijua habari zao kwa kusikiliza ngazini tu, kama jirani mwingine yeyote.

Siku nyingi zilipita. Halafu, mchana mmoja, Dereva akashuka mwenyewe, ngazi moja baada ya nyingine, akiegemea fimbo. Aliingia saluni, akaketi kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo.

"Sikuja kusukwa," alisema.

"Naona, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Aliilaza fimbo magotini. "Unajua kilichoniuma? Uwongo nimeusikia mwingi, wa kwako si mkubwa. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa naamka asubuhi nikijua kuna mtu ananihitaji. Kisha nikasikia hakuna."

Msusi aliweka kitana chini. "Kukutuma nilikutuma kwa hila, mzee, na kosa hilo ni langu. Lakini kwamba anakuhitaji sijui kama nilidanganya. Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza."

"Akasemaje?"

"Akasema nisimuulize maswali ya kijinga akiwa ameshika mkasi."

Mteja aliyekuwa akisubiri pembeni aliziba mdomo. Dereva mwenyewe alijitazama kiooni, akapapasa mashavu yake kama anayeona uso wa mtu aliyepotezana naye. Ndipo Mkunga alipotokea mlangoni akihema, mkono kiunoni.

"Nani kakuruhusu kushuka ngazi?"

"Nilikuwa na mazungumzo."

"Mazungumzo yana miguu yake. Wewe huna. Inuka."

Aliinuka. Mkunga alimpa bega, wakaanza kupanda, wakibishana kama wapumzike hapa au pale. Msusi aliwasikiliza hadi mlango wa ghorofa ya pili ulipofungwa, kisha akachukua kitana na kumwita mteja aliyefuata.

Tangu siku hiyo Dereva alimsalimu vizuri na kumwita binti kama zamani. Ila kila Msusi alipotaka kumtuma kitu, hata kumpelekea Mkunga ufunguo tu, mzee alimwuliza kwanza, "Na yeye umemwambia nini?"