Ukosi wa Kunguru wa Utengano

Katika nchi ya Utengano, heshima ya mtu haikutokana na nasaba wala elimu, bali ilitokana na kunguru waliojenga kiota juu ya paa lake. Walikuwa kunguru wadogo, weusi, wenye macho meupe kama lulu. Na sheria iliwagawa katika makabila mawili: Wafedha, ambao ukosi wao, manyoya ya nyuma ya shingo, ulimeta, na Wamajivu, ambao ukosi wao ulififia. Mwenye Wafedha aliketi barazani. Mwenye Wamajivu alihamishwa nchi, na nyumba yake ikateketezwa.

Mwamuzi wa manyoya alikuwa Kadhi Basira, mwanamke ambaye jicho lake liliaminiwa kuliko mizani. Siku aliposhtakiwa mjane Stahamala kwamba paa lake lina Wamajivu, Basira alipanda ngazi asubuhi kuhakiki. Akamwona dume mwenye ukosi hafifu, akainua mkono kuwaita askari. Mara ndege akageuza kichwa, jua likamwangukia shingoni, na ukosi ukawaka kama fedha iliyosuguliwa. Akageuka tena, ukazima.

"Mama Kadhi," Stahamala aliuliza kutoka chini ya ngazi, "ni wa kabila gani huyo?"

Basira aliendelea kumtazama ndege. Jike mwenye ukosi mweupe wa kumeta alitua, dume akamlisha mdomo kwa mdomo. Kisha kunguru wa mji mzima wakaruka, wakatanda angani. Na katika maelfu yale kijivu kiliingia katika weupe kama alfajiri iingiavyo katika mchana, pasipo mpaka. Basira aliwakumbuka wote aliowahamisha, akalia.

Alasiri, uani kwa Sultani Ghururi, baraza lilikusanyika, na mjane akaletwa.

"Kadhi, Wafedha au Wamajivu?" Sultani aliuliza.

"Sijui, Mtukufu."

Neno hilo halikuwahi kutamkwa mahali pale.

"Jicho lako limeugua?"

"Limepona. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi nimeishi kwingi, nikaona mawili tu."

"Basi wewe na mjane mtahamishwa pamoja!"

"Nimeridhia, Mtukufu. Lakini kundi hilo la kunguru linapita juu yetu. Tuonyeshe Mfedha mmoja, nasi tutakwenda."

Sultani akanyoosha kidole juu. Kidole kikamfuata ndege huyu, kikamwacha, kikamfuata yule, kikapotea katika mawimbi ya mabawa yaliyowaka na kuzima. Hasira ikamwisha, akashusha mkono.

"Mwacheni mjane arudi kwake," alisema.

Ilimlazimu kurudia, kwa maana baraza zima, askari kwa mawaziri, lilikuwa limeinua nyuso juu.