Gitaa la Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi Lucien alikula chakula cha kaka yake aliyekufa. Bugali ulikuwa umeshakauka pembeni, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa imelala usiku kucha chini ya kifuniko. Kila jioni mama yake, Séraphine, aligawa sahani tatu kana kwamba nyumba yao ya Kadutu, kati ya mlima na ziwa, bado ilikuwa na watu watatu. Ya tatu ilikuwa ya Théodore, aliyefukiwa na shimo la dhahabu huko Shabunda wakati wa kiangazi.

"Kula, isiharibike," mama alimwambia. "Leo Théo nitamuwekea ingine."

Habari ya kifo ililetwa na Firmin, rafiki wa Théodore, aliyekuwa nje akiosha mchanga shimo lilipoporomoka. Walichimba kumtafuta mpaka maji yakajaa, wakaacha. Séraphine alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Ulimuona na macho yako?"

"Hapana, maman. Bulongo ilimufunika."

"Basi haujue kitu."

Akarudi jikoni. Hakulia siku ile, wala hakulia baadaye. Majirani walikuja kulala matanga uani, wakaimba, wakaondoka, naye hakukanyaga mkeka wao. Sasa mvua zilikuwa zimeanza, na Tonton Ignace, mdogo wa marehemu baba yao, karani wa ofisi moja huko Ibanda, alipanda mlima na abacost yake, suti isiyo na tai, iliyonyooshwa pasi, viatu vikiwa vimejaa tope.

"Maman Théo, mwezi ujao, Jumamosi ya mwisho, kisha kumaliza salongo, usafi wa mtaa, tunaondoa matanga. Watu wanatucheka."

"Ondoeni yenu. Mimi sina maiti, sina matanga."

Akaingia jikoni. Tonton alimgeukia Lucien kana kwamba kosa lilikuwa lake. Na kweli, bila mama kunyolewa kichwa na kuketi mkekani, hakuna cha kuondoa. Marehemu angebaki vile vile, hakuzikwa wala hakurudi, na sahani yake ingeendelea kugawiwa.

"Nitaimba ile wimbo ya Théo," Lucien alisema. "Maman akiisikia atalia. Akilia, atakubali."

"Weye?" Tonton alicheka puani. "Weye unajua kupiga nini, kama haiko mulango?"

Neno lile lilimchoma Lucien. Maisha yake yote alikuwa mdogo wa yule anayeimba.

Théodore hakuwa mpigaji wa kawaida. Kadutu nzima ilipokuwa ikicheza rumba, yeye alizipenda nyimbo za wachunga ng'ombe wa Amerika, alizozisikia kwenye santuri za wamisionari fulani huko Miti. Katika nyimbo zile gumba hutembea juu ya uzi mnene kama mtu mwenye safari ndefu, vidole hufagia nyuma yake, na mwimbaji husimulia habari yake bila haraka. Aliporudi kutoka Shabunda mara ya kwanza, mikono mitupu, alitunga wimbo wake kwa mtindo ule, na kwa Kiswahili:

*Barabara ya Shabunda*
*yameza viatu vyangu,*
*mgongo umenipinda,*
*Mama, niwekee changu.*

Mama aliupenda wimbo ule kuliko zaburi. Kisha Théodore akaondoka tena, na tangu siku ile mama alimwekea chake.

Kazi ilikuwa gitaa lenyewe. Théodore alitumia mkono wa kushoto. Alikuwa amezigeuza nyuzi zote, hata ukilishika kwa kulia nene ziko chini na nyembamba juu, akakigeuza hata kile kipande cha mfupa kinachozishika shingoni. Lucien alikuwa wa mkono wa kulia. Siku ya kwanza alilishusha ukutani, akachukua koleo ili azirudishe nyuzi kama za watu wote. Mama alitokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Weka hiyo koleo."

"Maman, mimi sipigi na kushoto."

"Basi usipige. Mwenyewe atazikuta vile aliziacha."

Kijana mwingine angelirudisha gitaa ukutani. Lucien alijifunza kwa mkono usio wake.

Firmin alikubali kumfundisha. Alikuja na gitaa lake, wakaketi uso kwa uso, magoti yakikaribia kugusana, ili Lucien amwige kama mtu anavyojitazama kwenye kioo. Shingo la gitaa la Firmin lilipoelekea ziwani, na la Lucien lilielekea huko huko.

"Ni hivi nilimufundisha Théo," Firmin alisema. "Yeye alishika mbio. Weye unapiga kama mutu mwenye anakamua nguo."

"Nyamaza, onyesha."

"Sol. Hapana, hiyo haiko sol, hiyo iko kilio ya paka. Sol! Sasa do. Sasa rudi."

Mkono wa kulia, uliozoea kalamu na jembe, ulipaswa kubana nyuzi, na ncha za vidole zilipasuka, zikatoka damu, zikaota sugu. Mkono wa kushoto ulikuwa mjinga kabisa: ukiambiwa upige uzi mnene, ulipiga mwembamba. Sauti ya Lucien ilikuwa juu kuliko ya kaka yake, hivyo Firmin alifunga kalamu ya risasi juu ya nyuzi kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ili gitaa lipande limfuate. Walijifunza mama akiwa sokoni. Wiki zikapita. Gumba la kushoto likaanza kutembea lenyewe. Siku moja Firmin aliacha kumchokoza, akainama, akawa anafuta macho kwa kiwiko.

"Ile kalamu, itoe," alisema. "Sasa sauti yako inamufikia Théo hata chini."

Ijumaa, kabla ya siku ya matanga, mvua ilipiga mabati tangu mchana. Lucien aliketi peke yake barazani, akatoa kalamu, akaimba wimbo wote kwa mara ya kwanza bila kukosea. Akaurudia. Hakumsikia mama akipanda njia ya matope.

Séraphine alikuwa amerudi mapema. Kupitia mvua alisikia wimbo, na chini ya paa aliona kivuli cha mtu, shingo la gitaa likielekea ziwani. Katika nyumba ile mtu mmoja tu alishika gitaa hivyo, kwa kushoto.

"Théo!"

Kapu lilianguka, nyanya zikabingirika kuelekea mfereji. Alipanda ngazi akikimbia kama msichana, mikono mbele, akicheka, maji yakimtiririka usoni.

"Théo, mutoto yangu, chakula yako—"

Akasimama. Lucien alikuwa amenyanyua uso.

Katika maisha yote ya Lucien mama hakuwahi kumtazama kwa furaha vile, na tangu hapo Lucien hakuomba tena kutazamwa. Kicheko kilibaki mdomoni mwa mama kwa muda, kama nguo iliyosahauliwa nje. Kisha akashuka taratibu mpaka sakafuni, akalia. Alilia kama alivyotakiwa kulia wakati wa kiangazi. Lucien alikuwa amepata alichokitafuta, na angetoa mikono yote miwili ili akirudishe.

Mvua ilipopungua, mama aliingia ndani, akatoka na koleo na kisu cha jikoni.

"Geuza nyuzi."

"Maman, matanga ni kesho. Nikizigeuza, sitaweza kupiga."

"Geuza. Mwenyewe hatazikuta."

Alilipakata gitaa magotini huku Lucien akilegeza uzi mmoja baada ya mwingine. Kipande cha mfupa alikibandua mama mwenyewe kwa kisu. Jioni ile aligawa sahani mbili.

Kesho yake, baada ya salongo, Séraphine alinyolewa, akaketi mkekani. Tonton Ignace alisema yake, kisha akamwonyesha Lucien kwa kidevu. Lucien alishika gitaa kwa mkono wake wa kuzaliwa nao, na mkono ule haukujua kitu. Sol ilikoroma. Vidole vilitafuta do, havikuipata. Aliviacha, akaimba kwa sauti tupu: barabara, viatu, mgongo. Alipofika mstari wa nne, ule wa "Mama, niwekee changu", alimtazama mama yake, akauacha.

Watu walingoja. Mama hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akilitazama shingo la gitaa, lililoelekea mlimani, si ziwani tena, kama la mtu yeyote.