Mstari Mmoja wa Bi Sikudhani

Leo kamati ya Bunge inayochambua kanuni ilimaliza kupitisha kanuni za taka na za kilimo kwa dakika kumi na moja, kabla ya chakula cha mchana, nami karani wao mpya nikarudi chumbani na kujitupa kitandani na viatu vyangu. Kanuni hizo zinaruhusu taka za mji zisagwe na kumwagwa mashambani kama mbolea, bila kupimwa. Usingizi ulinikuta nikiifikiria barua ya Bi Sikudhani, mkulima wa mchicha, aliyeandika kurasa nne kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulichomwa na sindano ya hospitali iliyokuwa ndani ya mbolea ya majaribio iliyomwagwa na malori shambani kwake. Aliomba jambo moja tu: malori hayo yasirudi kabla udongo haujapimwa.

Nikaota niko katika nchi ambayo ardhi yake ni karatasi zilizolowa, na kila nilipokanyaga mguu ulizama hadi kifundoni, na chini vitu vikavunjika kama vioo. Mama mmoja mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, akanishika mkono. "Naitwa Uangalifu," alisema. "Twende taratibu, mwanangu. Chini ya karatasi hizi kuna watu." Akanipeleka kwenye jumba refu, ambako Mazoea, mzee mnene mwenye sauti tamu, alikuwa akigonga muhuri huku amefumba macho, na Haraka akimsogezea karatasi.

"Mzee, hujasoma," Uangalifu alimwambia.

"Zimeandikwa na wataalamu, bibi. Mimi nani nimkosoe mtaalamu?"

"Na wali unapoa," Haraka akadakia. "Huyu mama kila akija tunakula kiporo." Wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Nikauliza kwa nini hakuna mkulima mle ndani. Uangalifu akanionyesha mlango wa nyuma, ambako wakulima walipanga foleni, kila mmoja na barua yake, mbele ya kijana nadhifu mwenye mkasi aitwaye Muhtasari. Hakumtukana mtu. Alimwamkia kila mmoja "shikamoo", akapokea barua kwa mikono miwili, kisha akaikata mpaka ikabaki nyembamba kama njiti ya kiberiti. Alipofika Bi Sikudhani, mkono umefungwa kitambaa, mkasi ulipita karibu na vidole vyake, nami nikapiga kelele amwache. Muhtasari akageuka, akatabasamu kama mtu wa nyumbani.

"Mwenzangu, mbona umechelewa? Mkasi ni wako. Nilikushikia tu."

"Lakini nilimwonea huruma," nikamwambia Uangalifu. "Nililia nilipoisoma."

"Najua ulilia. Kisha ukaandika nini?"

Niliamka jua likiwa bado dirishani. Nikatoa taarifa ya kamati mkobani, nikafungua ukurasa niliouandika mwenyewe, nikiifupisha barua ya Bi Sikudhani ili waheshimiwa wasichoke: "Mdau mmoja alitoa maoni kuhusu ubora wa mbolea." Tangu nianze kazi hii nimewalaumu kwamba hawasomi. Hicho ndicho nilichowapa wasome.

Nimempigia mwenyekiti. Amesema, kwa upole, kwamba taarifa imeshapitishwa, nisijisumbue. Kanuni zinaanza Jumatatu. Kesho asubuhi naenda bondeni, shambani kwake, kumweleza Bi Sikudhani, kwa kinywa changu, kwa nini malori yanarudi. Atanipa mkono wa kushoto, nami nitaupokea.