Neno Juu ya Bastola

Uweso aliniacha talaka tatu mbele ya kaka yangu Zubeiri, nyumbani kwetu Usagara. Wiki haijaisha, njaa ikamkumbusha mpishi wake. Akaenda kwa Sheikh Sadalla kudai talaka haikupita, kwa kuwa Zubeiri alimtolea bastola. Talaka ya kulazimishwa ni batili, nalijua hilo. Nilijua pia kwamba nikirudishwa kwake atanivunja mkono wa pili.

Bastola ilikuwapo kweli. Marehemu baba aliirithi kwa Wajerumani aliowapigania, na siku ile Zubeiri aliitoa, mjinga yule.

Barazani kwa sheikh, mbele yangu na Zubeiri, Uweso alijifanya mnyonge. "Nilitishwa, sheikh. Ningefanyaje?"

Nilimchukia hadi meno yakaniuma. Miaka yote ya ndoa alinichosha na hadithi moja: vita vya Mdachi, yaani Mjerumani, yeye boi wa ofisa, kazi yake kusafisha bastola. Nikaitoa ile ya baba chini ya buibui, nikaiweka mkekani. Sheikh akarudi nyuma.

"Haina risasi, sheikh," nikasema. "Na huyu ni mwongo. Hajapata kuishika bastola ya Mdachi. Hata risasi zinakokaa hajui."

"Mimi?" Uweso akainyakua. "Zinakaa humu, ndani ya mpini! Hapa juu pana taji na jina la mji ilikotengenezwa. Namba hii imerudiwa kwenye vipande vyake, visichanganywe na vya bastola nyingine. Ukivuta goti hili la chuma, risasi inaingia. Na hiki kibati cha juu, risasi ikiwamo huinuka, neno likaonekana: *geladen*. Yaani imeshiba risasi!"

"Kelele tu. Siku ile ulitetemeka kama kifaranga mbele ya chuma kitupu."

"Nitetemeke mimi?" Akasimama, mate yakimruka. "Kibati kilikuwa kimelala! Neno halikuwapo! Nilijua haina kitu tangu kakako anaitoa. Nimekuacha kwa hasira zangu, mwanamke hufai wewe, si kwa kumwogopa mtu!"

Zubeiri akainamisha uso asicheke. Sheikh akaweka tasbihi chini.

"Basi hukulazimishwa, Uweso. Talaka imepita."

Uweso akabaki na bastola mkononi.

"Saleha, mwanangu," akasema sheikh, "kakae eda."

"Nimo edani tangu siku ile, sheikh." Nikamnyooshea Uweso mkono, ule mzima. "Lete bastola ya baba yangu."