Fomu Iliyoshonwa kwa Cherehani

Kinyozi alikuwa wa kwanza kukataa, na alikataa akiwa bado amemshika mteja kichwa.

"Njia ya baiskeli?" alisema, wembe ukiwa hewani. "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Mtu hatembei juani kukusanya saini bure. Hata huyu mteja wangu anajua."

Mteja alinyamaza. Hata mimi ningenyamaza, wembe ukiwa karibu na sikio kiasi kile.

Kikundi chetu kilikuwa na wanachama watano, baiskeli nne, na pampu moja ambayo kila mtu alidhani iko kwa mwenzake. Tulitaka jambo moja tu: barabara ya maduka ikikarabatiwa, halmashauri itenge njia ya baiskeli. Karani wa pale alitwambia tulete saini za wenye maduka kabla ya Alhamisi kwisha, akatupa na fomu kabisa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne na nilikuwa na saini moja, ya fundi baiskeli, ambaye angesaini hata fomu ya kuhamia mwezini mradi iwe na neno baiskeli.

Muuza viatu aliikagua fomu mbele na nyuma, akanirudishia.

"Fundi cherehani amesaini?"

"Bado."

"Akisaini, uje."

Duka la tatu, swali lilelile. La nne, hivyo hivyo. Fundi waliyekuwa wakimtaja ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mshonaji. Duka lake ni chumba kimoja cha kuwekea vitambaa. Kazi yenyewe hufanyika barazani, kwenye mwanga, cherehani ikitazama barabara. Nilimwacha wa mwisho kwa makusudi. Shangazi akikutazama mara moja anajua kiuno chako ni inchi ngapi na umetoka kudanganya wapi.

Ila moyoni nilijipa matumaini. Binti yake, binamu yangu, ni mkunga na huenda kazini kwa baiskeli. Mwezi uliopita lori lilimbana akaangukia mtaroni. Alirudi na kiwiko kimeshonwa nyuzi sita. Shangazi alizikagua, akasema aliyeshona alikuwa na haraka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umepita hapa mara tatu tangu asubuhi unaangalia juu, unatafuta mvua?"

Nikacheka peke yangu, nikampa fomu. Hakuisoma. Alizifunua zile karatasi tano moja moja. Ya kwanza ilikuwa na maneno. Nne zilizobaki zilikuwa na mistari tu: jina, biashara, saini.

"Hizi maneno yake yako wapi?"

"Yako kwenye ya kwanza, Shangazi. Hizo ni muendelezo."

"Muendelezo." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyekuta unywele kwenye chai. Akavua miwani. "Wewe ulikuwa darasa la ngapi tulipohama kule stendi?"

"La tano."

"Walituita mkutanoni. Wakatupa soda, wakapitisha karatasi ya mahudhurio. Mistari mitupu kama hii yako. Miezi mitatu baadaye tunaletewa barua kwamba tulikubali kuhama, na ushahidi ni saini zetu. Jina langu lilikuwa namba kumi na nne. Saini ni yangu, siwezi kuikana. Lakini mimi nilisaini kwamba nimekuja. Sikusaini kwamba naondoka."

Kinyozi alitoka stendi. Muuza viatu pia. Nusu ya mtaa ule ilitoka kule, na ndiyo maana wakiona kalamu kila mtu anakumbuka ameacha kitu ndani. Miaka yote hiyo nilidhani Shangazi alihama kwa sababu hapa pana kivuli.

"Sasa niambie," akasema. "Hiyo njia itapita upande gani?"

"Pembeni."

"Barabara ina pembeni ngapi?"

Nikatazama barabara kama naiona leo. Upande wa pili kulikuwa na ukuta mrefu wa ghala, na magari yameegeshwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Upande wetu zilikuwa baraza. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, afya, usalama, hewa safi. Upande sikuwa nao.

"Mchoro umeuona?"

"Sijauona."

"Lakini unataka niusaini."

Kinyozi, ambaye alikuwa amemwacha mteja nusu kichwa ili aje kusikiliza, akapiga makofi. "Si nilisema ametumwa! Tena aliyemtuma kamficha mchoro!"

Nikaanza kukunja karatasi zangu. Shangazi akaziwekea kiganja.

"Sijakufukuza. Yule mtoto akiondoka asubuhi, sindano haiendi sawa mpaka apige simu kwamba amefika. Hiyo njia naitaka kuliko nyinyi wote watano na pampu yenu. Lakini nikikosea saini hii, cherehani naipeleka wapi? Sina mtaa wa tatu."

Kisha akanipa kalamu yangu mwenyewe.

"Andika. Juu ya kila karatasi, zote tano, maneno yaleyale."

Nikaandika alivyosema: sisi wenye maduka tunataka njia ya baiskeli ipite upande wa ukuta wa ghala, panapoegeshwa magari, na hatutoi baraza hata moja. Nilipomaliza ya tano mkono ulikuwa umekufa ganzi. Akazipanga, akaziingiza kwenye cherehani, akapitisha mshono mwekundu ubavuni mara mbili na juu mara moja.

"Mtu akichomoa moja," alisema akikata uzi kwa meno, "matundu yatamsema."

Kisha akasaini. Kinyozi akauvuta ule uzi kwanza, akaona haulegei, akasaini pia huku akiniangalia mimi na si karatasi. Muuza viatu alipinda fomu yote kama anajaribu soli. Fundi baiskeli alisaini upya bila kuuliza kilichobadilika. Hadi Jumatano jioni tulikuwa na saini arobaini na moja, na kila mmoja aliniuliza tena nani amenituma. Nikawajibu ni Shangazi. Hapo hawakuwa na swali la pili.

Alhamisi Shangazi alifunga duka, jambo ambalo hata siku ya mtaro wa binti yake alilifanya kwa saa moja tu, tukaenda naye halmashauri.

Karani aliishika fomu kwa vidole viwili. "Hii mmeishona?"

"Tumeishona," alisema Shangazi.

"Sisi hutumia pini."

"Tunajua."

Akaigeuza, akaigeuza tena. "Basi mimi nitachukua majina tu, yaende kwenye faili. Haya maneno mengine mnaweza kubaki nayo." Kucha yake ilikuwa tayari inatafuta mwanzo wa uzi.

"Haitoki hiyo," Shangazi akamwambia taratibu. "Mwite mwenye mchoro."

Injinia alikuja na buti za vumbi na karatasi ndefu aliyoibana kwapani. Alipoitandaza mezani niliinama kabla ya wote. Njia ya baiskeli ilikuwa imechorwa kwa penseli, nzuri, imenyooka, upande wetu. Nikahesabu vibanda kwa kidole. Ilipita palepale Shangazi anapoweka mguu kukanyaga cherehani. Kama angesaini ile fomu yangu ya kwanza, ningekuwa nimemhamisha shangazi yangu mara ya pili, tena huku natabasamu.

"Huu ni mchoro wa awali, mama," injinia akasema. "Wenye magari wangelalamika. Na tuliambiwa wenye maduka mmeshakubali."

"Na nani?"

Injinia akamtazama karani. Karani akaanza kuufuta muhuri wake, ambao haukuwa na uchafu.

Injinia akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akaona ni yaleyale, akasoma wa tatu hata hivyo. Akapima kwa rula.

"Upande wa ukuta inawezekana," alisema mwishoni. "Hata ni nafuu. Kule hakuna mtaro."

Akafuta mstari, akachora mwingine upande wa ghala.

"Penseli?" Shangazi akauliza.

"Mama, mchoro huanza na penseli."

"Na huu wetu ulishaanza."

Yule injinia alicheka kidogo, akaona hachekewi, akatoa kalamu ya wino. Akaupitia mstari wote, akaandika tarehe, akasaini. Karani akagonga muhuri kurasa zote tano, kila pigo zito kuliko lililotangulia.

Nilidhani tumemaliza. Nilishaanza hata kumpa injinia mkono. Shangazi akanivuta shati.

"Toa simu, mpige picha. Asimame na mchoro, uso uonekane na mstari uonekane."

Injinia akasimama, akanyanyua mchoro kifuani, akatabasamu.

"Mwambie asicheke," alisema Shangazi. "Hatuko harusini."