King'ora cha Alhamisi

Kila Jumatano, saa sita kamili mchana, kiwanda cha kemikali kilichoko kaskazini mwa jiji la Baton Rouge hupuliza king'ora cha majaribio. Watu wa mitaa ya karibu wamekizoea hata hawakisikii tena. Verlene Narcisse, aliyezaliwa na kukulia hapo miaka hamsini na minane iliyopita, alikuwa akikitumia kujua wakati wa kumpa Bwana Royce dawa zake.

Kwa hiyo kilipolia Alhamisi moja ya Novemba, saa nne na dakika kumi asubuhi, jambo la kwanza alilofanya ni kuitazama kalenda ya ukutani.

Bwana Royce Landreneau hakutazama kalenda. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mrija wa oksijeni puani, gazeti mapajani. Mzungu wa miaka sabini na tisa, mjane, mapafu yamekwisha kama kitambaa kilichofuliwa mno. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda hichohicho miaka thelathini na moja, na nyumba yake ilitazamana na uzio wake. Kwa miaka miwili ambayo Verlene alikuwa akija kumhudumia, hawakuwahi kukubaliana juu ya kiwanda kile. Verlene akisema hewa inanuka, mzee husema ni harufu ya mishahara. Asubuhi hiyohiyo mzee alikuwa amemsomea habari kwamba jiji lao limetajwa miongoni mwa majiji ya kusini yenye maisha mazuri: kodi za nyumba nafuu, muziki, chakula, na njia ya kutembea juu ya tuta la mto. Verlene, akikoroga uji wa mahindi, alimuuliza mzee kama huyo mwandishi alisema ametembea juu ya tuta la upande gani. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Sasa hakuwa akicheka. Alikuwa ameegemea kioo, akiitazama bendera ya ofisi ya posta ng'ambo ya barabara. Ilikuwa imenyooka, ikielekea kwao.

"Bi Verlene," alisema polepole, "zima kiyoyozi. Funga kila dirisha. Kisha niletee mataulo yote yaliyomo ndani ya nyumba hii."

Ni sauti yake iliyomtisha, kuliko king'ora. Ilikuwa imeshuka, imenyooka, sauti ya mtu aliye kazini. Verlene alizima, akafunga, akakimbilia kabati la mataulo. Mzee alikuwa akimweleza huku akivuta pumzi kila baada ya maneno matatu: ile itakuwa klorini. Mashine yake ya oksijeni huvuta hewa ya chumbani, kwa hiyo hawezi kuitumia. Ahamie kwenye mtungi mdogo wa oksijeni. Waingie bafuni, kusiko na dirisha, waloweshe mataulo na kuziba chini ya mlango.

"Na mama yangu?" Verlene aliuliza.

Mama yake, Bi Eulalie, alikuwa na miaka themanini na mitatu na masikio mazito. Nyumba yao ilikuwa mitaa sita upande wa kusini, karibu na mtaro mkubwa wa maji ya mvua. Saa kama ile huwa bustanini, amewapa watu mgongo, akimwagilia majani yake ya haradali. Verlene alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Jirani yao wa kulia alikuwa kazini, na wa kushoto alikwisha hama.

Bwana Royce alikuwa akimtazama. "Nyumba yenu iko bondeni," alisema. "Ile hewa ni nzito. Inatafuta bonde kama maji."

Verlene alisimama katikati ya chumba, taulo mikononi, asijue miguu yake ni ya nani. Akienda, anamwacha mzee peke yake. Akibaki, mama yake atageuka kutoka kwenye haradali na kuikuta hewa ile imesimama nyuma yake.

"Mtungi una kiasi gani?" aliuliza.

Mzee alikigeuza kipimo upande wake, akakisoma. "Umejaa. Nenda. Usipite njia ya reli, pita makaburini. Usikimbizane na upepo, ukatize. Na ukimpata, msikae chini. Pandeni juu, hata kama ni juu ya meza."

Verlene alimkokota mpaka bafuni, akamketisha juu ya kifuniko cha choo, akamwekea mtungi magotini na simu mkononi. Aliziba mlango kwa nje, akajifunga taulo mbichi usoni, akatoka.

Nje kulikuwa kimya. Hapakuwa na ndege, na mbwa wa nyumba ya pili, ambaye hubweka hata kwa majani, alikuwa amejikunja juu ya boneti ya gari la tajiri yake. Harufu ilikuwepo tayari, ile ya bwawa la kuogelea, nyepesi, ikichoma nyuma ya macho. Verlene aliingia garini, akafunga matundu yote ya hewa, akaendesha.

Alipopita makaburini aliiona. Kule chini, mahali reli inapokatiza mtaro, palikuwa na kitu kama ukungu, lakini ukungu hauna rangi ile. Ulikuwa wa kijani-njano, umelala chini kabisa, haufiki kiuno cha mtu, ukijisogeza mtaroni bila haraka. Mtaro ule ndio uliopita nyuma ya bustani ya mama yake. Alikanyaga mafuta. Gari likapanda ukingo wa barabara, likateremka, akaendelea.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mpira wa kumwagilia ulikuwa umelala kati ya matuta, maji yakitoka. Kiatu kimoja cha mama yake kilikuwa kando yake.

Aliita, lakini kuita kulimvutisha ile hewa, koo likafunga kama lililoshikwa kwa mkono. Aliingia ndani, akaufunga mlango. Jikoni hayumo. Sebuleni hayumo. Alichungulia hata uvunguni mwa kitanda, kama mtu anayetafuta paka, huku akijiambia moyoni kwamba atamkuta mtaroni, kwamba ameanguka mtaroni na yeye atalazimika kushuka kumfuata. Machozi yalimtoka, mengine ya hewa, mengine yake.

Ndipo akaona ngazi ya darini imekunjuliwa.

Bi Eulalie alikuwa juu, ameketi kwenye boriti kati ya masanduku ya mapambo ya Krismasi, mguu mmoja peku, aproni ameibana puani. Ajuza ambaye hushikwa mkono kupanda vidato viwili vya kanisani alikuwa amepanda ngazi ile peke yake.

"Mama, nani alikwambia upande huku?"

"Nani wa kuniambia nini?" alisema Bi Eulalie kwa sauti kubwa ya viziwi. "Nimeona kitu kinakuja mtaroni. Maisha yangu yote, kinachokuja mtaroni ni mafuriko. Watu hupanda. Funga huo mlango, Lene, unaingiza baridi."

Verlene alipandisha ngazi, akafunga mlango wa dari, akaziba ufa kwa taulo lake na sweta. Kisha akampigia Bwana Royce.

Alijibu mara moja. Verlene alimweleza, na mzee akasema kwamba mama yake angefaa kuwa msimamizi wa zamu. Akamwomba asikate simu.

Walikaa hivyo, wanawake wawili gizani chini ya mabati na mzee mmoja bafuni, wakisikilizana pumzi. King'ora kilinyamaza, kikaanza tena. Helikopta ilipita, haikurudi. Bi Eulalie alikohoa, akasali, akalala kidogo begani mwa bintiye, na kila alipolala Verlene alimwekea kiganja puani kuhakikisha. Dakika arobaini zilipita. Pumzi za simuni zikaanza kuwa fupi.

"Bwana Royce, mtungi unasemaje?"

"Unatosha."

"Nisomee."

Hakusoma. Badala yake alianza kusema jambo jingine, na Verlene alidhani kwanza kwamba anaweweseka.

"Mwaka wa tisini na tatu," alisema mzee. "Machi. Ilivuja kama hivi. Upepo ulikuwa huuhuu. Mimi ndiye nilikuwa zamu." Akavuta pumzi. "Ilivuja saa nzima na zaidi. Nikaambiwa niandike dakika tano. Nikaandika dakika tano. King'ora hatukupuliza."

Machi ya mwaka ule Verlene alikuwa na mtoto wa miaka minne, Dorian, aliyeamka kutoka usingizi wa mchana midomo imegeuka rangi. Siku tisa hospitali. Daktari alimuuliza kama anavuta sigara nyumbani. Alimuuliza mara tatu, na mara ya tatu Verlene, ambaye hajawahi kuvuta sigara maishani, alianza kujiuliza ni kosa gani amemfanyia mwanawe. Dorian sasa ni mtu mzima, yuko Atlanta, na bado hatoki nyumbani bila dawa ya kifua mfukoni.

"Umenisikia, Bi Verlene?"

Hofu yote aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilikuwa ya kitu kilichoko nje. Sasa palikuwa na nyingine, ndani, nayo ilimtisha zaidi: kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kukata simu, na hakuwa na hakika kwamba hakitabonyeza.

"Punguza oksijeni mpaka lita moja kwa dakika," alisema mwishowe. "Vuta kwa pua, toa kwa mdomo. Na usiongee tena."

Saa saba kasorobo mchana wazima moto walipiga hodi mlangoni kwa Bwana Royce, wakamkuta sakafuni, anapumua. Mtungi ulikuwa mtupu. Yule kijana wa zimamoto alimwambia Verlene baadaye kwamba kwa jinsi mzee alivyoupunguza, na bado ukaisha, haungekuwa umezidi robo alipoufungua. Umejaa, alikuwa amemwambia, akiwa anakisoma kipimo kwa macho yake mwenyewe.

Kampuni ilitoa taarifa jioni ile. Kiasi kidogo kilivuja, hakikupita uzio, wananchi hawakuwa hatarini. Kesho yake Verlene alitoka kwenda bustanini na kukuta haradali ya mama yake imekuwa nyeupe, majani yamekauka na kujikunja, tuta zima, kutoka upande wa mtaro mpaka mlangoni. Aliyapiga picha, jani moja moja. Watu wa mitaa sita nao walipiga zao.

Hakwenda kumwona mzee hospitalini kwa siku tano. Ya sita alikwenda. Bwana Royce alikuwa mdogo kitandani. Verlene hakukaa.

"Ile ya mwaka wa tisini na tatu," alisema. "Kutakuwa na mkutano kanisani kwa Mchungaji Isaiah wiki ijayo. Utaisema?"

Mzee alitazama dirisha. "Mtu mwenye hofu husema mengi, Bi Verlene."

"Mwanangu alikuwa na miaka minne."

Verlene alimwambia mzee kwamba anajua alimdanganya kuhusu mtungi, na kwamba anamshukuru kwa uongo ule, na kwamba hicho ndicho asichoweza kukimeza: ni mtu yuleyule aliyeandika dakika tano. Kisha akatoka.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Wakubwa wa kampuni walikuja na chati za upepo. Walikuwa wamefika chati ya tatu mlango ulipofunguliwa na dereva wa gari la wagonjwa akaingia akisukuma kiti cha magurudumu. Bwana Royce alikuwa amevaa koti la kiwandani, lenye jina lake kifuani. Ilimchukua dakika kumi kusema sentensi nane. Alitaja tarehe, alitaja zamu, alitaja valvu iliyovuja na kitabu cha zamu alimoandika dakika tano. Mtu wa kando alimshikia kipaza sauti. Hakumtazama Verlene. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia, kisha mwingine.

Mwezi wa Januari wakaguzi wa jimbo walivifungua vitabu vya zamani vya kiwanda. Mwezi wa Februari Bwana Royce alifariki. Verlene alikwenda kumzika na kukaa safu ya mwisho, na mpaka leo hajui alikwenda kumlilia au kuhakikisha kwamba amekufa. Kufikia majira ya joto kampuni ilikubali kununua nyumba za mitaa sita. Bi Eulalie aligoma miezi miwili, akisema hatoki kwenye nyumba aliyomzalia mumewe watoto watano. Siku moja tu akakunja mapazia yake mwenyewe, bila kueleza.

Sasa wanakaa kusini mwa jiji, ghorofa ya tatu, dakika chache kutoka kwenye tuta la mto. Jioni watu hukimbia pale na mbwa wao, vijana hupiga tarumbeta, mwanga hukaa juu ya maji. Ni pazuri kweli. Bi Eulalie amepata mashoga wa kucheza nao karata na amenenepa.

Wiki iliyopita Verlene alikuwa akirudi na mkate. Mbele ya duka moja kijana alikuwa akiosha ngazi kwa maji yenye dawa ya kung'arisha nguo. Upepo ulimletea Verlene harufu ile ya klorini. Alijikuta ameshika nguzo ya taa, anatafuta kwa macho ngazi, paa, mahali popote pa juu. Mama mmoja aliyekuwa akikimbia alisimama, akavua vifaa vya masikioni, akamuuliza kama anaumwa.

Verlene alisema hapana, haumwi. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, mkate kifuani, mpaka ngazi zile zikakauka.